Nani Alikuambia Muziki Wote Uko kwa Simu?

Kuna uongo mmoja ambao kizazi chetu kimeumeza bila maji: ati siku hizi muziki wote wa dunia uko kwa simu, kazi yako ni kubonyeza tu. Utausikia kwa matatu, utausikia hosteli, utausikia hata kwa watu ambao kwa mambo mengine huwa hawadanganyiki. Mtu anakuonyesha simu, anakuambia humu ndani mna nyimbo zaidi ya milioni 100, halafu anacheza zile zile ishirini alizocheza wiki jana. Muulize mwezi huu amegundua nini kipya. Atakutajia ngoma ambayo programu ilimletea. Nawe ilikuletea. Nami pia. Wote tumegundua kitu kimoja, wiki moja, na kila mmoja anajiona mjanja. Huo si ugunduzi, jamani. Huo ni mgao.

Mimi ni mtu wa Korbesa. Kama hupajui, si kosa lako, wengi hawapajui. Ni kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, nchi ya mto Ewaso Nyiro kabla haujaenda kupotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Ukitoka Isiolo mjini unakula vumbi hadi unasahau rangi ya shati lako, na mvua ikinyesha unaweza kulala njiani. Wengi wetu ni Waborana, wafugaji. Sasa naishi Nairobi, nalipia programu ya muziki kila mwezi kama wewe, kwa hivyo usinisome kama mzee anayeogopa simu. Naandika kwa sababu nina shtaka, na nitalisema waziwazi: hizi programu hazikuufungua mlango wa muziki. Zimeuhamisha tu, zikaweka bawabu ambaye hutamwona uso, na bawabu huyo hajui kama Korbesa ipo.

Kabla hujanijibu, tukubaliane jambo moja. Zamani hakukuwa peponi. Enzi za Sauti ya Kenya, shirika lililokuja kuitwa KBC, muziki wa lugha ndogo ulipewa saa chache, na kule kaskazini tulikuwa watu wa kutajwa kwenye taarifa ya habari ng'ombe wakiibwa ama mvua ikikosa. Mtangazaji mmoja aliweza kuamua msanii ajulikane ama asijulikane. Kama hakupendi, umekwisha. Baadaye zikaja kaseti. Nyimbo za Abdullahi Jirma na za wengine walioimba kwa Kiborana zilipitishwa mkono kwa mkono, zikanakiliwa hadi sauti ya msanii ikawa kama ya mtu anayezungumza ndani ya gunia. Senti ngapi zilimfikia mwimbaji kutokana na nakala hizo, wewe fikiria mwenyewe.

Kwa hivyo silii kwa ajili ya jana. Nasema tu kwamba bawabu wa jana alikuwa na jina. Ungeweza kumwandikia barua, kumtuma mjumbe, kumsubiri nje ya ofisi, kumsema barazani. Alikuwa mtu, na mtu huona haya. Bawabu wa leo haoni haya, manake hana uso wa kuonea.

Nikueleze jinsi ngoma mpya zilivyonifikia nikikua. Merti kulikuwa na kijana mwenye kompyuta moja na umeme wa sola. Unampelekea memori kadi yako, unampa shilingi 50, anakujazia nyimbo. Lakini hakukujazia ulizotaka tu. Alikuuliza: hii ni ya kusikiliza malishoni ama ni ya arusi? Wewe ni wa ukoo gani? Umesikia huyu wa Moyale anayepiga kinanda? Akishakuuliza, anakuwekea ulizoomba, halafu anakutupia na zake kumi ambazo hukuziomba. Nyumbani ukifungua kadi unakuta wimbo wa Kisomali, taarabu ya Mombasa, Waoromo wa upande wa Ethiopia, na katikati ya hizo zote, mama mmoja wa vijiji vya karibu aliyerekodiwa kwa simu akiimba kwenye arusi, mbuzi wakilia nyuma yake. Hapo ndipo mimi nilijua muziki ni mpana. Si kwenye programu yoyote.

Najua utasema kijana yule alikuwa mwizi wa kazi za watu. Sawa. Simtetei kwa hilo, na msanii anayemlaani ana haki. Lakini tofautisha mambo mawili. Kulipa msanii ni jambo moja, kumfikisha msanii kwa msikilizaji ni jingine. Yule kijana alishindwa la kwanza, la pili akalifanya kuliko mtu yeyote. Programu zilituahidi yote mawili. Kwa msanii wa kule kwetu, zimeshindwa yote mawili.

Kwa nini? Kwa sababu ya jinsi zinavyofanya kazi, si kwa sababu kuna mtu mbaya amekaa mahali akiwachukia Waborana. Algorithimu hukupendekezea wimbo kwa kuangalia watu wanaofanana nawe wamesikiliza nini, wimbo gani wameumalizia, upi wameuruka, upi wameuweka kwenye orodha zao. Chakula chake ni rekodi za usikilizaji. Sasa angalia jinsi watu wa Korbesa wanavyosikiliza. Memori kadi. Bluetooth kutoka simu hii hadi ile. Redio. Spika kwenye gari la Merti, abiria ishirini wakisikiliza wimbo mmoja kutoka kwa simu ya dereva, bila bando. Wimbo unaweza kupigwa kwenye arusi saba mwezi mmoja, ukaimbwa na kila mtoto anayechunga mbuzi, na kule kwenye seva ukawa ni sifuri. Haukukataliwa. Haukuchukiwa. Haukuwahi kuwepo.

Wewe wa Nairobi mwenye bando la mwezi, kila ukibonyeza unapiga kura. Sisi hatuna kituo cha kupigia kura. Halafu matokeo yanatangazwa, tunaambiwa ati hiki ndicho Wakenya wanapenda.

Haya, twende kwenye pesa. Mwishoni mwa 2023 Spotify walitangaza kwamba kuanzia 2024, wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita hautalipwa mrabaha wa rekodi. Fanya hesabu nami. Msanii ana nyimbo 12. Kila mmoja umesikilizwa mara 900 kwa mwaka. Jumla ni mara 10,800. Watu wamebonyeza mara elfu kumi na kitu, wamesikiliza, pengine wamelia, wamecheza. Malipo ni sufuri. Mwenzake ana wimbo mmoja uliosikilizwa mara 1,100, huyo analipwa. Na zile pesa ambazo yule wa kwanza hakupewa hazirudi kwa msikilizaji. Zinabaki kwenye kapu, wanagawana wenye nyimbo zilizovuka mstari.

Utetezi wao naujua. Wanasema ni senti tu, hazimsaidii msanii, nyingi hukwama kwa wasambazaji kabla hazijamfikia, na tena sheria hii inawazuia matapeli wanaopakia kelele na sauti za mvua ili wavune. La matapeli nakubali, wapo. Lakini kama ni senti zisizo na maana, mbona zinaokotwa? Senti ya mtu mmoja haina maana, senti za mamilioni ya nyimbo zikikusanywa zinakuwa mamilioni ya dola. Sokoni kwetu mtu akikuambia "hiyo mbuzi yako moja haina maana, niachie tu," unajua kabisa unaongea na nani.

Ubaya mkubwa hata si hizo senti. Ubaya ni ujumbe. Msanii anayeanza anaambiwa: hadi ufike elfu moja, wewe si msanii, wewe ni malighafi. Kila msanii uliyewahi kumpenda alianza na wasikilizaji mia mbili. Kila mmoja. Ukidharau mia mbili za kwanza, umeua muziki mpya ukiwa bado tumboni.

Na kuna suala la lugha. Binamu yangu, mtoto wa abuya, yaani mjomba, anaimba na anapiga kinanda. Alipotaka kupakia nyimbo zake kupitia kampuni moja ya usambazaji, alikuta fomu inauliza: lugha? Kiborana hakimo. Akachagua Kioromo, ndicho jamaa wa karibu. Sasa fikiria kilichotokea. Mfumo ukamchukua kijana wa Korbesa ukamwaga kwenye bahari moja na wakubwa wa Ethiopia, akina Ali Birra na Hachalu Hundessa, watu wenye mashabiki wengi kuliko kaunti nzima ya Isiolo. Nawaheshimu hao. Hachalu alipouawa Juni 2020, hata kwetu tuliomboleza. Lakini mtu akitafuta muziki wa Kioromo, binamu yangu yuko ukurasa wa mwisho kabisa. Akitafuta muziki wa Kenya, hayumo, kwa sababu mfumo unadhani si Mkenya. Alizaliwa Kenya, ana kitambulisho cha Kenya, ambacho kwa mtu wa kaskazini hakikuwa kitu cha kupewa hivi hivi, halafu fomu ya muziki inamhamisha nchi kwa kubonyeza kitufe. Historia hiyo tunaijua. Tulidhani serikali pekee ndiyo huifanya.

Siku moja akaniuliza, "Wewe unayekaa Nairobi, niambie, nifanye nini wanione?" Jibu ninalolijua ni la kuudhi. Anaweza kulipa. Tangu 2020 Spotify wana mpango unaoitwa Discovery Mode: msanii anakubali kukatwa sehemu ya malipo yake kwenye wimbo fulani, nao wimbo huo unapewa nafasi zaidi kwenye mapendekezo. Angalia jina walilouita. Ugunduzi. Mwenye lebo kubwa na nyimbo elfu anaweza kukatwa asihisi. Mwenye nyimbo tisa na mstari wa 1,000 mbele yake akatwe nini? Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye soko hili kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, na nauli ni juu yako.

Ama anaweza kubadilisha muziki wenyewe. Hapo ndipo roho inaniuma. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30. Video fupi zina haraka kuliko hiyo. Kwa hivyo wasanii wamejifunza kuanza na kiitikio, kukata utangulizi, kufupisha kila kitu, ili msikilizaji asiruke. Sisi Waborana tuna nyimbo za visimani. Wanaume wanasimama kwa ngazi ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wanarushiana ndoo kutoka chini hadi juu, na wimbo ndio unaoshika mikono yote iende pamoja. Wimbo ule hauna dakika. Unaisha ng'ombe wakishakunywa wakatosheka. Mwenye kundi kubwa ana wimbo mrefu. Sasa nieleze huo utaukata wapi ili uanze na kiitikio. Ukiukata, ng'ombe wanabaki na kiu.

Binamu yangu hakuukata. Alifanya kitu kingine: ameanza kuimba vitu vya sekunde kumi na tano, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, juu ya mdundo wa Afrika Kusini aliopakua. Simlaumu, kijana ana njaa. Na simkatazi mtu wa Korbesa kucheza amapiano, sisi si makumbusho. Kinanda chenyewe kilitoka nje na tukakifanya chetu. Ninachokataa ni yeye kufika hapo kwa kusukumwa. Akipenda mdundo, aupende. Asiupende kwa sababu ndio lugha pekee ambayo bawabu anasikia.

Na foleni inarefuka. Aprili 2025 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitangaza kwamba inapokea kila siku nyimbo zaidi ya 20,000 zilizotengenezwa zima zima na akili mnemba, karibu asilimia 18 ya vyote vinavyopakiwa. Kila siku. Mashine haichoki, haina nauli ya kutoka Merti, haisubiri mtandao urudi. Inapakia tu. Kijana wa Korbesa anashindana na mtu ambaye hata hajazaliwa.

Najua hoja iliyo mdomoni mwako. Utaniuliza, na Gengetone je? Ethic walitoka Umoja, 2018, na Lamba Lolo, hawana lebo, hawana redio, mtandao ukawabeba hadi wakubwa wa redio wakawafuata. Ni kweli, na mimi mwenyewe nilicheza. Lakini soma vizuri hadithi hiyo. Umoja iko Nairobi. Wimbo ulikuwa wa Sheng. Matatu ziliubeba, vijana wenye bando waliubeba, na mtandao ukahesabu kelele ambayo tayari ilikuwa mtaani. Algorithimu haikuwagundua Ethic. Mtaa uliwagundua, algorithimu ikaja na daftari kuandika majina. Hiyo inathibitisha shtaka langu: mashine hupaza sauti pale ambapo tayari kuna watu wengi wenye mtandao. Pasipo na watu hao, inanyamaza, na sisi tunadhani kimya chake maana yake hakuna muziki.

Hasara hii si ya Korbesa pekee. Kwetu tutaendelea kuimba, arusi hazingoji seva. Wewe ndiye unayepoteza. Unalipa kila mwezi kurudishiwa uso wako mwenyewe, ukiwa umepakwa rangi kidogo. Ulipenda ngoma ya huzuni jana, leo unapewa huzuni arobaini. Hakuna mtu wa kukuwekea nyimbo kumi ambazo hukuomba. Una miaka ishirini na mitatu na ladha yako imeshafungwa kama faili.

Kwa hivyo tufanye nini? Sitakuambia ufute programu, mimi mwenyewe sijafuta. Nataka mambo matatu.

La kwanza ni sheria, na tafadhali usicheke. Mwaka 2022 Bunge letu lilibadilisha Sheria ya Hakimiliki likaandika kwamba kwenye milio ya simu, ile tunayoijua kwa jina la Skiza, mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato. Kwa miaka tuliambiwa kampuni za simu ni kubwa mno, haziwezi kupangiwa. Zikapangiwa kwa kalamu. Kama Bunge liliweza kupanga mgao wa mlio wa simu, linaweza kuuliza kampuni inayochukua pesa za Wakenya kila mwezi: mbona wimbo wa Mkenya uliosikilizwa mara 900 haulipwi? Na linaweza kudai fomu zitambue lugha za nchi hii. Hilo la lugha halihitaji hata pesa. Ni mstari mmoja kwenye orodha.

La pili ni watu wenye masikio. Ketebul Music ya hapa Nairobi, pamoja na Abubilla Music ya Uingereza, wana mradi wa Singing Wells: wanabeba studio kwa gari, wanaenda kijijini, wanarekodi watu pale wanapoimba. Isiolo kuna redio zinazotangaza kwa Kiborana, kama Angaaf na Baliti, ambako mtangazaji bado ni mtu unayeweza kumpigia simu mkagombana. Hiyo ndiyo kazi ya ugunduzi: mtu kuondoka alipo akaenda kusikiliza. Wewe DJ wa Nairobi unayejisifu kwa kusaka ngoma za Brazili za 1974, Merti iko karibu zaidi.

La tatu ni lako, na halihitaji Bunge. Wiki hii, uliza mtu. Yule mlinzi wa getini kwenu, mama wa maziwa ya ngamia Eastleigh, mwanafunzi wa chumba cha tatu ambaye hujui anatoka wapi. Muulize kwao wanasikiliza nini na akutumie. Utapata faili lenye jina la ajabu, sauti inakwaruza, hakuna picha ya jalada. Usikilize hadi mwisho, hata usipoelewa neno. Kisha muulize msanii ana namba gani ya M-Pesa, umtumie shilingi 50. Hizo 50 ni bei ya memori kadi ya zamani. Tofauti ni kwamba safari hii zimefika kwa aliyeimba.